Kokotoa mfumuko wa bei mwenyewe, kisha uisome takwimu kama mtu wa ndani

Kila takwimu ya mfumuko wa bei inapotoka, lalamiko ni lilelile: "Wanasema asilimia nne, mbona mfuko wangu unaniambia vingine?" Nimeshughulika na fahirisi za bei (namba zinazoonyesha bei zimebadilika kiasi gani tangu kipindi fulani) kwa miaka kadhaa, na kilichonifumbua macho si vitabu bali ni siku niliyokaa kuunda fahirisi ndogo yangu mwenyewe. Ndivyo tutakavyofanya hapa. Fungua lahajedwali. Namba zote za kapu letu ni za mfano tu.

Hatua ya 1: Panga kapu na mizania

Fahirisi ya bei za mlaji hufuatilia kapu la bidhaa na huduma ambazo kaya hununua kwa matumizi. Hisa hazimo, wala kodi ya mapato. Kila kundi hupewa mizania kulingana na sehemu yake katika matumizi ya kaya, na mizania hiyo hutokana na utafiti wa matumizi. Letu liwe hivi: chakula 40, nyumba na nishati 25, usafiri 15, mengineyo 20. Jumla ni 100. Ikiwa jumla yako si 100, usiendelee mpaka uone kosa liko wapi.

Hatua ya 2: Kusanya bei za kitu kilekile

Hapa ndipo kazi inapowashinda wengi. Mwezi huu na mwezi ujao upime kitu kilekile, chenye ukubwa na ubora uleule, mahali palepale. Pakiti ikipungua kutoka gramu 500 hadi 450 na bei ikabaki pale pale, bei imepanda kwa asilimia 11.1, hata kama kibandiko hakijabadilika. Bidhaa ikikosekana kwa muda, usirudie bei ya mwezi uliopita, kwa sababu utakuwa unasema haikubadilika, jambo ambalo hulijui. Isogeze kwa kiwango kilekile cha bidhaa zinazofanana nayo.

Hatua ya 3: Tafuta wastani, lakini si wastani wowote

Gawanya bei mpya kwa bei ya zamani upate uwiano. Sasa tuseme bidhaa moja inauzwa sehemu mbili kwa bei sawa. Sehemu ya kwanza bei inapanda mara mbili (uwiano 2), ya pili inashuka kwa nusu (uwiano 0.5). Wastani wa kawaida ni 1.25: bei zimepanda kwa asilimia 25! Mwezi unaofuata kila bei inarudi ilikokuwa, uwiano ni 0.5 na 2, na wastani ni 1.25 tena. Ukiunganisha miezi hiyo miwili, fahirisi yako inasoma 156.25 wakati bei zote ziko palepale zilipoanzia.

Wastani wa kijiometri hauna ugonjwa huo: zidisha 2 kwa 0.5, chukua kipeuo cha pili cha jibu, unapata 1. Kwenye lahajedwali ni fomula ya GEOMEAN. Msidhani ni ubishi wa wasomi tu. Huko Uingereza fahirisi ya zamani ya bei za rejareja, RPI, ilivuliwa hadhi ya takwimu rasmi ya taifa mwaka 2013, na fomula ya wastani wa kawaida ndiyo iliyokuwa kiini cha lawama.

Hatua ya 4: Unganisha makundi

Kipindi cha kizio, yaani kile tunachoanzia kulinganisha, kila kundi lina 100. Baada ya miezi 12 tuseme chakula kimefika 110, nyumba na nishati 104, usafiri 120, mengineyo 101. Zidisha kila moja kwa mizania yake, gawa kwa 100, kisha jumlisha:

44 + 26 + 18 + 20.2 = 108.2

Hii ndiyo njia aliyoitoa Étienne Laspeyres mwaka 1871, na mpaka leo ofisi nyingi za takwimu zinatumia fomula za ukoo huo. Mfumuko ni asilimia 8.2. Angalia vilevile mchango wa kila kundi: chakula pointi 4.0, usafiri 3.0, nyumba na nishati 1.0, mengineyo 0.2. Usafiri umepanda mara mbili ya chakula, lakini chakula ndicho kilichosukuma zaidi.

Udhaifu wake ni kwamba mizania imeganda, ilhali watu hukimbilia vilivyo nafuu bei zinapopanda. Mwaka 1996 tume ya Boskin ya Marekani ilikadiria kwamba fahirisi ya nchi hiyo ilikuwa inazidisha mfumuko kwa takriban pointi 1.1 kwa mwaka, na hilo lilikuwa miongoni mwa sababu.

Hatua ya 5: Kokotoa mwaka wa pili

Tuseme baada ya miezi 12 mingine fahirisi imefika 112.5. Gawa kwa 108.2, toa 1: mfumuko ni asilimia 4.0. Kosa nililolifanya mimi mwenyewe ni kutoa tu 112.5 − 108.2 na kuandika 4.3. Hizo ni pointi za fahirisi, si asilimia. Na mchango wa makundi mwaka wa pili hautumii tena mizania ya awali: usafiri sasa unabeba 18 ÷ 108.2, yaani asilimia 16.6.

Hatua ya 6: Soma takwimu

Mfumuko umeshuka kutoka 8.2 hadi 4.0. Je, bei zimeshuka? Hapana, kapu limepanda kutoka 108.2 hadi 112.5. Kilichopungua ni kasi.

Kabla hujafurahia wala kulaumu, tazama pia mwezi uleule wa mwaka jana. Bei zikiruka mwezi mmoja kisha zikatulia, mruko huo hukaa ndani ya mfumuko wa mwaka kwa miezi 12, halafu unatoka ghafla na takwimu inaporomoka bila chochote kutokea mwezi huo. Kwa mwendo wa karibuni tazama badiliko la mwezi kwa mwezi: asilimia 0.5 kila mwezi kwa mwaka mzima ni 6.2, si 6, kwa sababu zinazidishana.

Tukirudi kwenye mfuko: acha fahirisi za makundi zilivyo, badilisha mizania tu. Kaya inayotumia 35 kwa usafiri, 20 kwa chakula, 25 kwa nyumba na nishati na 20 kwa mengineyo inapata 110.2. Mfumuko wake mwaka wa kwanza ni 10.2 wakati takwimu ya jumla inasema 8.2, na zote mbili ni sahihi. Ukitaka wa kwako, andika matumizi ya mwaka mzima, maana mwezi mmoja wa kulipa ada utaipa elimu mizania isiyostahili.