Kuchagua pikipiki ya spoti: ya kati au yenye nguvu zaidi

Mtu aliyezoea pikipiki ya 150cc anapotaka kununua pikipiki yake ya kwanza ya spoti, swali lake la kwanza huwa ni cc ngapi, na la pili huwa ni bei. Kwa maoni yangu, swali hilo la kwanza ndilo linalowapotosha wengi, kwa sababu pikipiki ya 600cc huitwa ya kati, na mnunuzi husikia neno hilo akadhani ni pikipiki ya wastani, ya kumtosha mtu asiyetaka makuu. Imeitwa ya kati kwa sababu tu juu yake ipo ya 1000cc. Suzuki GSX-R600 ya kuanzia mwaka 2011 ina nguvu za farasi zipatazo 126 na uzito wa kilo 187 ikiwa imejazwa mafuta. Toyota Axio ya 1500cc, ambayo kila mtu hapa Nairobi anaijua, ina kama 110, na inazitumia kusukuma zaidi ya tani moja. Pikipiki hiyo huvuka kilomita 100 kwa saa ikiwa bado iko kwenye gia ya kwanza.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha chochote, zigawe pikipiki hizi katika makundi matatu badala ya mawili. Kundi la kwanza ni la 300cc hadi 400cc, kama Yamaha R3 na Kawasaki Ninja 400, zenye nguvu za farasi 42 hadi 45 na uzito wa kilo 170 hivi. Kundi hili limekuzwa kwa kiasi kikubwa na sheria za leseni za nchi nyingine: Japani ina leseni inayoishia 400cc, na Ulaya ina daraja la leseni la A2 ambalo humzuia dereva anayeanza asivuke kilowati 35. Kundi la pili ni la silinda mbili za 650cc hadi 700cc, kama Kawasaki Ninja 650 yenye nguvu za farasi 68 na Yamaha R7 yenye 73. Kundi la tatu ni la silinda nne zilizotengenezwa kwa kuangalia mashindano, yaani 600, 750 na 1000. Anayesema anachagua kati ya pikipiki ya kati na yenye nguvu zaidi anapaswa kujua anatoka kundi gani kwenda lipi, kwa kuwa hatua ya kutoka la pili kwenda la tatu ni kubwa mno hata kama cc zinapungua.

Jambo la kusoma kwenye karatasi ya vipimo ni toki, yaani nguvu ya kusukuma ambayo injini inatoa unapofungua aksileta, pamoja na idadi ya mizunguko ambapo toki hiyo inafika kilele. R7 inatoa Nm 67 (Nm ni kipimo cha toki) injini ikizunguka mara 6,500 kwa dakika. GSX-R600 inatoa Nm 69.6, karibu sawa kabisa, lakini inataka mizunguko 11,500. Tazama maana yake barabarani. Uko nyuma ya lori kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gia ya sita, na mbele pamefunguka. Ukiwa na injini ya silinda mbili, unashuka gia moja, unafungua aksileta, unapita. Ukiwa na 600 ya silinda nne unashuka gia tatu, injini inalia, na nguvu inapokuja inakuja yote kwa mkupuo, wakati tayari umeshaingia upande wa magari yanayokuja. Dereva mzoefu hulijua hilo na hujiandaa mapema. Mgeni hujikuta ama amekosa nguvu, ama amepata nyingi kuliko alivyotaka.

Hapo hapo ndipo ninapoona faida ya 750 juu ya 600, kwa yule aliye tayari kwa kundi la tatu. Tofauti ya uzito kati ya GSX-R600 na GSX-R750 ni kilo 3 tu. Fremu na breki ni zile zile, na tangi la lita 17 ni lile lile. Lakini 750 ina Nm 86.3, na nguvu za farasi 150, hivyo hulazimiki kuifanya ilie ndipo iende. Kuhusu 1000, GSX-R1000 ya mwaka 2017 ina nguvu za farasi zaidi ya 200. Sijui barabara ya umma katika Afrika Mashariki ambayo ingemruhusu mtu kutumia nusu ya nguvu hizo kwa sekunde kumi mfululizo bila kuhatarisha maisha ya watu, na kwa hiyo sitaiongelea zaidi.

Wanaoishi Nairobi waongeze hesabu moja. Jiji lipo takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho. Ninja 400 inayokwenda vizuri pwani itahisi imechoka kidogo kwenye mlima wa Limuru, hasa ukimbeba abiria. Ni sababu halali ya kupanda kutoka kundi la kwanza hadi la pili, ingawa si sababu ya kurukia la tatu.

Baada ya karatasi, nenda barabarani. Mimi niliazimwa 600 kwa siku mbili, nikaipeleka njia ninayopita kila mara, kutoka Lang'ata kupitia Ongata Rongai na Kiserian hadi kwenye mteremko wa kuelekea Magadi. Rongai palikuwa na foleni ya jioni. Feni ya injini ilianza kuvuma kabla sijafika sokoni, kipimo kikisoma nyuzi 104, na joto lote likanipanda kwenye paja la kulia kana kwamba nimekaa karibu na jiko la makaa. Mikono ya usukani iko chini, hivyo uzito wa mwili wote ulitua kwenye viganja, na klachi niliibana na kuiachia hadi vidole viwili vya mkono wa kushoto vikafa ganzi. Kila tuta nililivuka kwa mshazari, nikisikiliza kama plastiki ya chini itakwaruza. Kisha nikapita Kona Baridi, barabara ikafunguka, na ndani ya kilomita tano nikaelewa kwa nini watu wanazipenda pikipiki hizi: inaingia kwenye kona kama inajua unakotaka kwenda. Kwenye kona ya tatu nilikuta ng'ombe wanavuka, na mchungaji mtoto amesimama katikati. Nilisimama mapema kwa sababu nilikuwa kwenye 70. Nilipoangalia nyuma nikahesabu kwamba kwa wastani wa njia ile yote, saa nzima na nusu ya mateso ilinipa dakika kumi na tano za raha. Wiki iliyofuata niliipita njia hiyo hiyo kwa pikipiki ya silinda mbili, na hesabu ikageuka.

Fanya jaribio la namna hiyo kwa njia yako mwenyewe, siyo kwa kuzunguka jengo la muuzaji. Kwanza ikalie pikipiki ikiwa imezimwa, uone kama visigino vyote viwili vinagusa chini; kiti cha Ninja 400 kipo milimita 785 kutoka chini, cha GSX-R kipo 810, na cha R7 kipo 835, kwa hiyo usidhani pikipiki yenye nguvu ndogo ndiyo fupi siku zote. Isukume kinyumenyume kwenye changarawe, ukiwa umeikalia. Geuza kwenye barabara nyembamba usukani ukiwa umekata hadi mwisho. Simama ghafla kutoka mwendo wa 40 mahali pasipo na magari, mara tatu, uone kama breki ya mbele unaimudu.

Kuhusu breki sitaki kuwa na maneno laini. Kwa mwendo wa 140, umbali wa kusimama baada ya kushika breki ni karibu mara mbili ya ule wa 100, na sekunde moja ya kushtuka peke yake hukula mita 39 kabla breki haijaguswa. Taasisi ya bima ya Marekani inayochunguza usalama barabarani, IIHS, iliripoti mwaka 2007 kwamba madereva wa pikipiki kali za spoti walikuwa wanakufa kwa kiwango cha takribani mara nne ya madereva wa aina nyingine za pikipiki. Taasisi hiyo hiyo imeonyesha kwamba pikipiki zenye ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapobana breki, huhusika katika ajali chache zaidi za vifo, pungufu kwa zaidi ya asilimia 20. GSX-R nyingi za 600 na 750 zilizotumika hazina ABS. Ukiwa na uchaguzi kati ya pikipiki ndogo yenye ABS na kubwa isiyo nayo kwa bei ile ile, chukua yenye ABS.

Gharama za kuitunza nitazipitia haraka. Silinda nne zina vali 16 za kupimwa na fundi anayeijua kazi hiyo, na silinda mbili zina 8. Tairi pana la nyuma, la milimita 180, lina bei ya juu na raba laini, na mara nyingi huisha kabla ya kilomita 8,000. Uliza bima ya kina kabla ya kulipa, kwa kuwa baadhi ya makampuni hukataa kabisa pikipiki za kundi la tatu. Na bajeti ya helmeti nzuri, jaketi, glavu na viatu vya kufunika kifundo itolewe kwanza, pikipiki inunuliwe kwa kinachobaki. Kama kinachobaki kinatosha 400 tu, jibu umeshapata.

Pikipiki nyingi za aina hii hapa kwetu zimetumika, na za kundi la tatu zimeanguka mara nyingi zaidi. Angalia ncha za vishikio vya breki na klachi kama zimekwaruzika. Chuchumaa mbele, ukate usukani kushoto na kulia, utazame mahali unapogonga fremu ili kujizuia. Palipobonyea au palipopakwa rangi upya panaonyesha kwamba pikipiki iliwahi kugonga kitu kwa nguvu. Pitisha kidole kwenye shokabsoba za mbele, kama kinatoka na mafuta, sili zimekufa. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na raba ya umri huo haishiki vizuri lami yenye maji hata kama meno yake yanaonekana mapya. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye fremu ilinganishwe na rekodi ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, tarakimu kwa tarakimu, kabla pesa haijatoka mfukoni.

Kwa anayeiendesha pikipiki kila siku mjini, ningechagua 400. Kwa anayekwenda kazini siku za wiki na kutoka Nairobi kwenda Naivasha au Namanga mwishoni mwa juma, ningechagua silinda mbili za 650 au 700 bila kusita, na ndiyo niliyonunua mwenyewe. Kundi la tatu nalipendekeza kwa aliyekwisha kuendesha kilomita elfu nyingi kwenye pikipiki ndogo ya spoti na anayepata nafasi ya kuingia kwenye uwanja wa mashindano.

Ukiamua kuichukua hiyo yenye nguvu, mwezi wa kwanza iweke kwenye hali ya pili ya injini, ile ya B kwenye GSX-R, inayopunguza makali. Pima upepo wa tairi asubuhi kabla hazijapata joto, kwa kufuata kibandiko cha kwenye pikipiki yenyewe, ambacho kwa GSX-R husema psi 36 mbele na 42 nyuma. Usibebe abiria. Na mvua ikinyesha ndani ya mwezi huo, iache nyumbani.