Harusi bustanini kwenu, Mombasa: anza na mtaimbo

Tangu harusi ya binti wa kaka yangu kule Tudor, simu haziishi. "Shangazi, mlifanyaje pale nyumbani?" "Bi mkubwa, na sisi tuna uwanja, hebu tuelekeze." Nimeeleza kwa mdomo mpaka nimechoka, basi naandika. Hii ni ya mwenye nyumba yenye bustani, iwe Nyali, Kizingo au Mikindani, anayetaka nikahi msikitini alasiri, kisha walima na sherehe ya wanawake palepale nyumbani, wageni 150 hadi 200. Wakizidi hapo kodi ukumbi, usijitese.

Hatua ya 1: Tarehe

Epuka mwezi wa nne hadi wa sita. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote Mombasa, na masika hayapigi hodi. Vuli za mwezi wa kumi na wa kumi na moja huja na kupita, unaweza kubahatisha. Mimi napenda Januari na Februari: joto lipo, lakini kaskazi inapuliza na anga ni kavu. Julai na Agosti kuna ubaridi mzuri, ila kusi ina nguvu, na huko ndiko tulikopatia adabu sisi.

Hatua ya 2: Karatasi na majirani

Anayeozesha awe na idhini ya kusajili ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, za Kiislamu pia. Kwa upande wa muziki, kanuni za kelele za 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na hapo kiwango kinachoruhusiwa kinashuka. Kama mna spika kubwa, ulizieni kibali kaunti mapema. Kisha nenda kwa majirani kwa miguu yako mwenyewe. Usiwatumie ujumbe wa WhatsApp.

Hatua ya 3: Mtaimbo

Hapa ndipo watu huruka. Huanza na keki, rangi ya mapambo, picha walizoziona simuni. Mimi nakwambia azima mtaimbo kwa fundi yeyote wa ujenzi, uingie nao bustanini wiki mbili kabla ya harusi, peke yako, asubuhi kabla ya jua.

Sehemu kubwa ya kisiwa cha Mombasa, na Nyali pia, imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Nyasi zako nzuri huenda zina udongo wa shibiri moja tu, chini yake jabali. Sisi hatukulijua hilo. Vijana wa tenti walifika Jumamosi ya harusi, saa moja asubuhi, na tenti mbili za milingoti, zile zinazoshikwa na kamba na vigingi. Kigingi cha kwanza kililia ngaa, kikapinda kama ndoana. Wakasogea hatua tatu: ngaa. "Mama, hapa chini ni jabali," akaniambia mkubwa wao. Nikamwambia apige kwingine. Wakapiga kwingine, na kwingine, mpaka saa nne. Kusi imeshaamka, turubai linapiga makofi chini kama tanga la jahazi.

Hatimaye karibu na ukuta wakapata mahali laini. Kigingi kikaingia kama kisu kwenye papai. Tukashangilia! Baada ya dakika moja nyasi zikaanza kulowa, kisha maji yakaruka mpaka magotini. Pale palikuwa laini kwa sababu palishachimbwa, na palichimbwa kulaza bomba la tangi. Mpaka fundi wa bomba kufika, tangi lilikuwa tupu, na mferejini siku hiyo haikuwa zamu yetu. Lori la maji lilifika saa nane, tena kwa bei ya Jumamosi.

Kwa hiyo fanya hivi. Tembea na mtaimbo kila mahali ambapo mguu au kamba ya tenti itakuwa. Piga. Ukigonga jabali kabla ya shibiri mbili, tia alama ya chokaa, hapo kigingi hakifai. Ukikuta mahali panapoingia kwa urahisi mno, usifurahi, uliza kwanza kwa nini. Mtafute mzee aliyejenga nyumba, au mlinzi wa siku nyingi, akuonyeshe bomba, waya wa umeme na shimo la choo. Mfuniko wa shimo la choo uzungushie viti na kamba, maana kuna mgeni mmoja lazima ataegesha gari juu yake.

Kama ni jabali, sahau tenti za milingoti. Chukua za fremu ya chuma, zinazosimama kwa miguu yake. Ni ghali kidogo, na mimi siku hizi sichukui nyingine. Yale matenti ya kitambaa cha kuvutwa yanapendeza kwenye picha, lakini kwa kusi ya Agosti sitayashauri hata kwa adui. Fremu nayo haitoshi bila uzito. Tumia mapipa ya lita 200: likijaa maji lina kilo 200. Kila kona pipa moja, kona zinazopokea upepo mawili. Mambo ya kuangalia:

Funga kamba chini ya kiuno cha pipa, usiifunge juu, la sivyo upepo ukivuta pipa litaanguka badala ya kushika. Mapipa ya plastiki huteleza juu ya nyasi zenye umande, yaegemeze na gunia la mchanga. Yawe na vifuniko, watoto wapo. Usifunge tenti kwenye mnazi, hata fundi akiapa: mnazi unayumba, na ukiyumba unavuta. Na yajaze Ijumaa. Mapipa manane ni lita 1,600, yaani mitungi themanini ya lita ishirini. Hesabu hiyo usiifanye Jumamosi asubuhi.

Lipa arbuni nusu, nusu nyingine tenti ikishasimama. Ukimaliza malipo yote mapema, utawapigia simu mpaka usiku.

Hatua ya 4: Tenti itazame wapi

Huhitaji dira. Mombasa kibla iko karibu kabisa na kaskazini. Simama kama unayetaka kuswali: kusi itakupiga mgongoni, upande wa kulia kidogo, na jua la alasiri litakuwa mkono wako wa kushoto. Ukuta wa tenti uweke upande wa jua na mgongo wa tenti uupe upepo. Jukwaa la bibi harusi lisitazame magharibi, atakunja uso kwenye kila picha.

Tenti inayoitwa ya watu mia hubeba mia wakibanwa kama abiria wa matatu. Ukiweka meza, hesabu sitini.

Hatua ya 5: Stara

Hili picha za simuni haziwezi kukufundisha. Zamani bustani ikiwa na ukuta ilikuwa na stara. Leo nyumba imezungukwa na magorofa. Panda juu ya paa lako, au bora zaidi omba kwa jirani wa ghorofa ya nne, utazame chini. Utaona anachokiona yeye: wanawake walioacha mabuibui mlangoni, wamejipamba, wanacheza.

Sisi, baada ya jabali kutusukuma na tenti, mdomo wake uligeukia madirisha ya jirani. Saa kumi na moja, magari ya kina mama yanaanza kuingia, tunakimbizana na leso na shuka za vitanda tukizishona kwenye kamba kwa pini. Dada mmoja alitoa jozi sita za leso mpya alizokusudia zawadi. Zilipendeza, sikatai. Lakini agiza pazia za pembeni mapema, zote, hata ukiambiwa kuna joto. Joto dawa yake ni feni. Mlangoni weka mama mmoja mkali wa kukusanya simu za wageni, wasipige picha, na kuzipa namba. Asiwe mama mpole.

Hatua ya 6: Juu ya vichwa

Mwite mkwezi siku tatu kabla, aangue nazi, madafu na makuti makavu. Nazi haichagui bwana harusi wala shemeji. Kunguru wa Mombasa wao hawahitaji mwaliko: sinia zisitoke jikoni mpaka watu wamekaa, na kila sinia iwe na kawa. Karatasi ya plastiki wanaifungua mbele yako. Magharibi ikiingia mbu wanaanza, choma ubani na udi kwa wingi.

Hatua ya 7: Chakula

Mpishi wako unamjua. Kilo ya mchele kwa watu saba au wanane, biriani kwa sinia. Nina neno moja tu: maji ya kisima yetu mengi yana chumvi, mchele upikwe kwa maji matamu. Na jiko la kuni liwe upande upepo unakokwenda, vinginevyo maharusi watanukia moshi.

Hatua ya 8: Umeme

Nunua tokeni siku moja kabla. Jenereta ya akiba ikae nyuma ya ukuta, ibebe spika, taa na feni. Friji na birika ziache kwenye umeme wa nyumba. Waya wa kurefusha ukunjue wote, ukibaki umeviringwa hupata moto.

Hatua ya 9: Siku ya harusi

Sinia ya kwanza ya biriani ipelekwe kwa jirani wa ghorofa ya nne kabla ngoma haijaanza. Wageni wa Likoni na Diani waambie saa moja kabla ya wengine, kwa ajili ya feri. Tenti zikishuka, hesabu viti mbele ya mwenyewe, na maji ya mapipa usikubali yamwagwe: ndiyo ya kuoshea masufuria.