Kutoka airport ya Corfu bila kuliwa hela ya teksi

Kwanza jina, maana hapa ndo watu wanachanganyikiwa. Wagiriki wenyewe kisiwa wanakiita Kerkyra, so ukiona Kerkyra kwenye kibao cha barabarani au tiketi ya boti usistuke, ni hapohapo. Airport yenyewe inaitwa Ioannis Kapodistrias, mzaliwa wa kisiwa hicho aliyekuja kuwa kiongozi wa kwanza wa Ugiriki huru.

Kwa paspoti ya Tanzania au Kenya unahitaji viza ya Schengen, ile moja ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hiyo haina ujanja. Ukiunganisha ndege Athens, paspoti inakaguliwa palepale Athens, ukifika Corfu unachukua begi unatoka. Ila wanaotokea Uingereza wanapanga foleni ya paspoti hapa Corfu, na kuanzia Juni ndege za watalii zinashuka zimefuatana, foleni inatambaa kama kobe, kwa hiyo usije ukaizika paspoti chini ya begi.

Ukitoka nje usikurupukie teksi, mji uko kilomita chache tu. Tafuta basi la bluu namba 15, linapita San Rocco katikati ya mji halafu linaenda bandarini. Tiketi kata kabla ya kupanda, kwa dereva ni ghali zaidi. Mabasi ya bluu ni ya mjini na jirani, ya kijani ndo yanaenda mbali kama Paleokastritsa au Kavos. Ukifika usiku wa manane basi hakuna, hapo teksi haikwepeki, uliza bei kabla hujaingia. Wa kukodi gari, kumbuka huko wanaendesha kulia.

Siku ya kurudi, mafuta ya zeituni na ile pombe yao ya kumquat (tunda dogo la jamii ya chungwa) weka kwenye begi kubwa au nunua ukishapita ukaguzi, la sivyo vitabaki kwenye meza ya sekyuriti.

Na kama una masaa mawili ya kupoteza, mi nashauri usiende kukaa airport, nenda Kanoni, sehemu iliyo jirani na airport. Ranwei ya Corfu imejengwa kwenye maji ya wangwa, na kuna kinjia chembamba kinavuka maji hadi upande wa Perama, ndege zinazotua kutokea kusini zinapita juu yako karibu mpaka unasoma maandishi tumboni. Ukisikia mngurumo shika kofia.