Slivu Inapasuka Ukiichoma? Anza Kuutazama Mkasi Wako

Pampu ilikuwa mita 60 chini ya ardhi, huko Rongai ya Nakuru, na mwenye shamba amesimama kando ya kisima ameshika kiuno. Wiki tatu tu tangu tuishushe, breka ya umeme inaruka kila akiwasha. Tukavuta bomba moja baada ya jingine mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kebo ilipofika juu nikaona mwenyewe: slivu moja kati ya tatu, yaani ile mirija ya plastiki inayofunika viungo vya waya, ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umenyooka kwa urefu, na chini yake shaba imegeuka kijani. Kazi ilikuwa yangu, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu.

Tangu siku hiyo kila slivu inayonipasukia huku Kibuye, Kisumu, naitazama kama daktari anavyotazama kidonda. Ninachokiona karibu kila mara ni kwamba ufa ulikuwepo kabla ya moto. Uliachwa na mkasi, au na ncha ya risasi ya kulehemu. Moto ulikuja kuufungua tu.

Nitaeleza kuhusu ile slivu ya kusinyaa ikipata moto, ambayo wengi tunaiita hitishrinki. Ukiifahamu tabia yake, hatua zenyewe hutazikariri.

Kiwandani, plastiki ya poliolefini hupigwa mionzi ya elektroni ili molekuli zake zishikane kama nyuzi za wavu. Kisha hupashwa moto, hutanuliwa, na hupozwa ikiwa bado imetanuka. Kampuni ya Raychem ya California, iliyoanzishwa 1957, ndiyo iliyoikuza sana biashara hii. Kwa hiyo kile kipande ulichoshika ni kama mpira wa manati uliovutwa ukafungwa hivyo hivyo. Ukikipasha, kamba inakatika na kinarudi kilikotoka. Kikikutana na kitu kinene njiani, kinasimama hapo na mvuto unabaki ndani yake, ukitafuta mahali dhaifu pa kutokea.

Hatua ya 1: Saizi

Slivu ya 2:1 yenye kipenyo cha milimita 6 hushuka hadi 3. Kiungo cha milimita 4 kinaikaa vizuri. Kiungo cha milimita 5.8 utaisukuma kwa mate na matusi, itaingia, lakini haitapata nafasi ya kusinyaa, na mkwaruzo wowote utaipasua. Mimi huacha nafasi ya kama robo ya unene wa kiungo kabla ya moto. Ukiwa na kiunganishi cha milimita 8 kwenye waya wa 3.5, achana na 2:1 kabisa. Chukua 4:1 ya milimita 12, itashuka hadi 3 na kubana sehemu zote mbili.

Hatua ya 2: Kukata

Hapa ndipo wengi tunapoharibu kazi, nami nikiwemo. Koleo la kukatia waya linaiminya slivu kabla ya kuikata, na mdomo unabaki na vijino vidogo usivyoviona kwa macho. Mkasi butu ni vile vile: unatafuna, kisha unavuta. Slivu ikianza kusinyaa, kila kijino kinakuwa mlango wa ufa, na ufa hukimbia kwa urefu mpaka mwisho.

Tumia mkasi mkali au wembe mpya juu ya ubao, ukate mara moja, moja kwa moja, bila kuzungusha. Halafu pitisha ukucha kuzunguka mdomo. Ukucha ukikwama, kata tena milimita mbili. Mafundi wangu wadogo huona namaliza slivu bure, lakini hakuna aliyewahi kupiga hesabu ya gharama ya kuvuta pampu.

Kata kwa ziada pia. Slivu hupungua urefu kidogo, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, kwa hiyo iache ipite kiungo angalau sentimita moja kila upande. Ikiwa ni ile yenye gundi ndani na inaenda majini, mimi huacha tatu.

Hatua ya 3: Kiungo chenyewe

Kule Rongai, nilipoichana ile slivu, nilikuta mwiba wa risasi chini yake. Ule mkia mdogo unaobaki ukiondoa chuma cha kulehemu kabla ya wakati. Ulikuwa umesimama wima ukisubiri. Slivu ikabana, ukuta wake ukawa mwembamba juu ya mwiba, na maji yakamalizia.

Sasa nalaza kiungo kwa mstari mmoja, waya kuvikwa juu ya waya, sio kile cha mkia wa panya kinachosimama pembeni. Baada ya kulehemu napitisha tupa ndogo au msasa, kisha nasugua kwa kidole. Uzi mmoja wa shaba uliochomoza unatosha kukuharibia siku. Viunganishi vya kuminya navyo vina kingo kali, vipige tupa pia. Kama slivu ina gundi, futa ganda la waya kwa spiriti, maana gundi haishiki grisi. Na kwenye kebo ya waya tatu, usiweke viungo vyote sehemu moja. Vipishanishe kama ngazi, ili visirundikane na kuilazimisha slivu ya nje kutanuka kupita kiasi.

Jambo moja la kuchekesha ambalo halichekeshi ukiwa kazini: valisha slivu kwenye waya kabla ya kulehemu, na uisukume mbali. Ukiiacha karibu, joto la chuma litaisinyaza pale pale, na utakata kiungo uanze upya.

Hatua ya 4: Moto

Poliolefini nyingi huanza kusinyaa karibu na nyuzi 70 hadi 90, na hukamilika karibu na 120. Hitigani yako, ile mashine ya kupuliza hewa moto, inatoa hewa ya nyuzi 300 na zaidi, kwa hiyo unachohitaji ni uvumilivu. Simama sentimita 5 hadi 8, usiache mkono utulie, zungusha waya. Anzia katikati uende nje, au anzia upande mmoja umalizie mwingine. Usianzie ncha zote mbili, utafungia hewa katikati, na hewa ikipata moto inatafuta njia.

Kiungo kikubwa cha shaba kipashe kwanza kidogo. Chuma baridi kinanyonya joto, slivu inasinyaa nje tu huku ndani imekaza, na gundi haiyeyuki.

Acha ukiona imebana vizuri na gundi imechungulia pande zote mbili. Ikianza kupauka, kutoa mapovu au harufu kali, umeshapitiliza. Hiyo itakuwa kavu na itapasuka ukiikunja, hata kama leo inaonekana nzima.

Hatua ya 5: Kupoa

Iache ipoe yenyewe, bila kuikunja wala kuimwagia maji. Dakika chache tu, za kunywa chai.

Maswali ya wanachama

*Fundi wa boda, Kondele:* Mzee, mimi sina hitigani, na hata ningekuwa nayo, stejini hakuna stima. Natumia kiberiti cha gesi. Ndiyo sababu zangu zinapasuka?

Inachangia, kijana wangu. Ule moto wa njano unapaka masizi na kuchoma sehemu moja huku nyingine ikiwa baridi. Upande uliochomwa unakuwa mwembamba, nao ndio unaopasuka. Ukilazimika, shika slivu juu ya moto, nje ya ncha ya mwali, na uizungushe bila kusimama. Tochi ndogo ya gesi yenye mwali wa bluu ni afadhali. Na tafadhali, usifanye hivyo karibu na tangi la petroli. Ondoa waya kwenye pikipiki au sogea pembeni.

*Mama wa taa, Dunga:* Natengeneza betri za taa za kuvulia omena. Ile plastiki nyembamba ya buluu ya kufungia betri inachanika kwenye kona kila mara. Tatizo ni mkasi wangu?

Pengine si mkasi, mama. Hiyo buluu kwa kawaida ni ya PVC, nyembamba, na haivumilii joto kama poliolefini. Weka kipande cha karatasi ngumu ya kuhami kwenye kila kona ya pakiti ili kingo za seli zisiikate. Tumia hitigani kwenye joto la chini, kwa kupitisha pitisha tu. Ukiona kona haijabana, iache. Betri za lithiamu hazipendi joto, na mimi ningeona afadhali plastiki ilegee kidogo kuliko seli ivimbe ziwani usiku.

*Fundi wa pampu, Njoro:* Yangu imeshapasuka, na kebo imefungwa pande zote mbili, siwezi kuvalisha nyingine. Nizungushie tepu?

Ndugu, kwenye swichi ya ukutani sitakugombeza. Kisimani usithubutu. Chana slivu yote, tazama shaba, na ikiwa kijani kata mpaka ufike penye rangi safi, uunge upya ukiwa umevalisha slivu mpya ya gundi. Nami juu yake huongeza ile tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ikivutwa vizuri wakati wa kuizungusha. Lakini hiyo ni ya kuongezea, haiwezi kubeba kazi peke yake.

*Mwanachama, Bondo:* Mkasi wangu ni mpya, kiungo laini, moto wa polepole, na bado zinapasuka. Nilizinunua duka ambalo zinaning'inizwa nje juani.

Hapo nitaishuku slivu. Plastiki ya rangi rangi hudhoofika kwa jua kuliko nyeusi, na zikikaa juu ya bati la moto mchana kutwa huanza kusinyaa kabla ya kazi. Fanya jaribio: kata sentimita mbili kwa wembe mpya, ivalishe kwenye shina laini la kekee, uipashe taratibu. Ikipasuka hapo, ambapo hakuna mwiba wala kona, rudi dukani na kekee yako mkononi, kipande kikiwa bado juu yake.