Namna ya Kukusanya na Kusimulia Historia ya Vita vya Burundi

Swali la kwanza la kumuuliza mtu aliyeviishi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Burundi ni hili: kwenu vilianza lini? Vitabu vingi huanzia tarehe 21 Oktoba 1993, siku wanajeshi walipomuua Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa Juni mwaka huohuo. Mzee aliyekulia katika makazi ya wakimbizi ya Katumba au Ulyankulu huku Tanzania atakurudisha 1972, wakati wa Rais Michel Micombero, ambapo uasi wa Wahutu kusini mwa nchi uliua Watutsi wengi, kisha jeshi likawaua Wahutu kwa makumi ya maelfu, hasa waliokuwa wamesoma. Mjane wa Kitutsi kutoka mikoa ya kati naye ataanza na siku zilizofuata kifo cha Ndadaye, majirani walipoingia nyumbani kwake. Hakuna aliyekudanganya, ila kila mwaka una mtuhumiwa wake, na anayechagua mwaka amekwisha kuchagua wa kumlaumu. Kwa hiyo usichague kwa niaba ya msimulizi. Andika mwaka alioanza nao, kwa kuwa huo pia ni sehemu ya ushuhuda.

Hata hivyo, wewe mwenyewe unahitaji uti wa mgongo wa tarehe zisizobishaniwa. Tarehe 6 Aprili 1994 Rais Cyprien Ntaryamira aliuawa katika ndege moja na Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda. Tarehe 25 Julai 1996 Pierre Buyoya, aliyewahi kuwa rais, alirudi madarakani kwa mapinduzi. Tarehe 28 Agosti 2000 Mkataba wa Amani wa Arusha ulitiwa saini, baada ya usuluhishi ulioanzwa na Mwalimu Nyerere na kukamilishwa na Nelson Mandela. Na mwezi Agosti 2005 Pierre Nkurunziza aliapishwa kuwa rais. Kundi la waasi la FNL liliendelea kupigana, likasaini usitishaji wa mapigano Dar es Salaam Septemba 2006. Tarehe hizi ni za kukusaidia wewe, si za kumsahihishia mzee. Watu wengi hawakumbuki kwa kalenda. Muulize kama mahindi yalikuwa yamekomaa, kama mtoto wa tatu alikuwa bado ananyonya, kama ilikuwa kabla au baada ya kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, huku Tanzania, nawe utaupata mwezi bila kumtesa.

Nyaraka zisome kwa tahadhari ileile. Itifaki ya kwanza ya Mkataba wa Arusha inaueleza mgogoro kuwa kimsingi ni wa kisiasa, wenye sura nzito za kikabila. Lakini maneno hayo yalijadiliwa na pande 19, na baadhi yao zilisaini zikiwa na pingamizi, kwa hiyo ni historia iliyopatikana mezani, na mtu akitaka kujua kila upande ulikataa nini ni lazima asome pingamizi hizo pia. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya 1996, ilisema kwamba vitendo vya mauaji ya kimbari vilitendwa dhidi ya Watutsi mwezi Oktoba 1993. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi, mwezi Desemba 2021, ilitangaza kwamba yaliyowapata Wahutu mwaka 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari. Anayenukuu ripoti moja na kuificha nyingine hajaandika historia. Ameandika hati ya mashtaka. Idadi ya watu 300,000 waliokufa katika vita vilivyoanza 1993, inayotajwa kila mahali, ni makadirio, na ni vyema uiite hivyo.

Katika maeneo ya kumbukumbu, usiridhike na moja. Kibimba waliteketezwa kwa moto wanafunzi, wengi wao Watutsi, mwezi Oktoba 1993. Buta, katika mkoa wa Bururi wa wakati huo, waseminari 40 waliuawa tarehe 30 Aprili 1997 baada ya kukataa kutenganishwa kwa kabila. Itaba, Septemba 2002, wanajeshi waliwaua raia Wahutu. Gatumba, tarehe 13 Agosti 2004, waliuawa wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, yaani Watutsi kutoka Kongo. Ukifika Kibimba tu, au Itaba tu, utarudi na nusu ya nchi.

Kuhusu lugha ya mahojiano: Kiswahili ni lugha ya Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na ya kambini, na wengi watakujibu kwa Kiswahili kwa heshima yako. Lakini msiba una lugha yake. Mtu akihamia Kirundi mwache, rekodi, utafsiri baadaye pamoja na mjuzi, na maneno mazito yabaki kama alivyoyatamka. Neno *abamenja*, yaani wasaliti, walibandikwa waliouawa 1972, na watoto wao walikua nalo shuleni. Ukiandika “waasi” badala yake umelifuta jeraha lenyewe. Ukisikia “wanajeshi”, “waasi” au “wale watu”, uliza taratibu ni akina nani, kisha nyamaza. Ukimya wa dakika mbili katika rekodi si hasara.

Usitangaze jina na kilima pamoja (kilima huko Burundi ni kama kijiji). Katika kilima kimoja kila mtu anamjua mwenzake, na huenda aliyetajwa kuwa muuaji bado anachota maji kisima kimoja na msimulizi. Taja mkoa, basi. Sauti pia ni jina: usiisambaze kwenye makundi ya WhatsApp, hata ukiwa umeondoa majina, bali toa maandishi. Picha za mifupa iliyofukuliwa kwenye makaburi ya halaiki usizitumie kama pambo la makala.

Ukiwa tayari kuchapisha, msomee kwanza msimulizi andiko lote, hata kama ni refu, na umruhusu kukata. Kisha weka shuhuda mbili za mwezi mmoja ubavu kwa ubavu, bila kuziamulia. Mwisho, ipelekee familia nakala ya rekodi ikiwa na karatasi yenye tarehe, lugha iliyotumika, jina la aliyehoji, na sharti alilolitoa msimulizi kuhusu nani asikilize na lini.