SOMO: Jinsi ya kuusoma uchu wa madaraka kwenye Macbeth bila kuishia "tamaa mbele mauti nyuma"

Haya wakuu, Macbeth ni tamthilia ya Shakespeare kuhusu jamaa anayemuua mfalme ili atawale yeye, na majibu mengi ya swali la tamaa humo ni kuhesabu maiti tu. Mfalme Duncan kauawa, Banquo rafiki yake kauawa, mke na watoto wa Macduff mpinzani wake wamechinjwa, mwisho jamaa mwenyewe kakatwa kichwa, basi mtu anafunga daftari. Hiyo ni stori, sio jibu. Mi nasema hesabu vitu ambavyo Macbeth mwenyewe hawezi tena kuvifanya akishaua.

Hatua ya 1. Wachawi waliomtabiria ufalme waache kwanza, nenda tendo la 1 onyesho la 7. Duncan yuko ndani anakula, Macbeth kachomoka peke yake anapiga hesabu: huyu ndugu yangu, mfalme wangu, halafu leo mgeni wangu, na ni mtu mpole hana baya na mtu. Anakiri mwenyewe kwamba hana sababu yoyote ya kumuua zaidi ya tamaa. Mkewe anatokea, Macbeth anamwambia kabisa hili jambo tuliache. Yaani ANAKATAA! Mke anamsema kuwa ni mwoga, sio mwanaume, na onyesho halijaisha jamaa keshakubali. Hapo pigia mstari.

Hatua ya 2. Tendo la 2 onyesho la 2, hapa tulia sana. Mauaji hatuonyeshwi, tunachoona ni mtu anatoka na majambia ya damu ambayo alitakiwa ayaache kwa walinzi, na kinachomchanganya sio ile damu bali ni kwamba alisikia watu wawili wamezinduka usingizini, mmoja akasema Mungu atubariki, mwenzie akaitikia amina, na yeye akataka kuitikia ikamkwama kooni. Huyu huyu tendo la 1 tuliambiwa alimpasua adui vitani toka kitovuni hadi tayani, leo neno moja linamshinda. Andika pembeni: amina imeenda. Hapohapo anasikia sauti kwamba Macbeth kaua usingizi, andika: usingizi umeenda.

Hatua ya 3. Fuata ndoa yao. Mwanzo Macbeth anamwandikia mkewe barua anamwita mshirika wake wa ukuu, kila kitu anamwambia. Tendo la 3 onyesho la 2 keshatuma watu wakamuue Banquo, mke anauliza kuna nini, anajibiwa we usijue mpenzi, utashangilia ikishatendeka. Tendo la 5 analetewa habari malkia kafa, hata chozi hana.

Hatua ya 4. Karamu, tendo la 3 onyesho la 4. Mzuka wa Banquo umekalia kiti cha Macbeth, kula na wageni wake kumeshindikana.

Hatua ya 5. Tafuta sehemu moja tu anapoufurahia ufalme. Hutaipata. Hata kutawazwa kule Scone tunasikia tu kwamba kaenda.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, si wachawi ndo waliomponza?
Banquo alikuwepo, akaambiwa na yeye kwamba uzao wake utatawala, na akaota kuwahusu. Akamwomba Mungu amzuilie hayo mawazo. Na wachawi hakuna mahali waliposema ua.

Mi naona mwanamke ndo shetani hapo.
Kamsukuma kweli, sibishi. Ila alikiri mwenyewe angemuua Duncan kama mzee asingefanana na babaake alivyolala, na ndo huyohuyo baadaye anatembea usingizini anasugua mikono. Kifo cha familia ya Macduff mume kakiamua mwenyewe.

Hii ilitokea kweli?
Macbeth alikuwepo, alitawala Scotland 1040 hadi 1057, na Duncan alifia vitani, sio kitandani. Shakespeare aliandika karibu 1606, wakati Uingereza inatawaliwa na James aliyetoka Scotland, na ukoo wake ulijihesabu kuwa ni wa Banquo. Sasa we fikiria nani angethubutu kumwandika Banquo muuaji.

Kuna ya Kiswahili?
Ipo, Makbeth ya S. S. Mushi, 1968.

Naweza kutumia hatua hizi kwenye Juliasi Kaizari, ile ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere?
Hapana, ile ngoma nyingine. Kule tamaa ni shtaka, Brutus anadai Kaizari alikuwa nayo ndo maana kamuua, Antonio rafiki wa Kaizari anajibu mbona alipewa taji mara tatu akakataa. Unasoma kama hakimu, unapima nani anasema kweli. Macbeth hana haja ya shahidi, kakiri mwenyewe tendo la 1.