Kuzunguka Australia na gari la kulala ndani

Wenzangu wa Mombasa mnaoulizia Australia, kuendesha kwenyewe si shida, ni kushoto kama huku kwetu, shida ni umbali. Kule kusini, mji wa Ceduna mpaka mji wa Norseman, kukatiza nyika kame ya Nullarbor, ni kama kilomita 1,200, yaani uende Nairobi na urudi bado hujafika, na sheli zimeachana mbali kweli, kwa hivyo kila ukiona petroli jaza tangi, usingoje nusu, na maji beba madumu. Jua likianza kuzama paki, hizo ndizo saa za kangaruu kuvuka barabara, akikurukia mbele breki haikusaidii. Matunda maliza kabla ya Border Village, pale mpakani, ukiingia Australia Magharibi wanakagua gari na kukunyang'anya.

Kulala, soma vibao, si kila ufuo unaruhusiwa, faini ipo.

Pwani uhondo ni Great Ocean Road kule Victoria, kilomita 243, iende polepole tafadhalini. Lakini kaskazini mwa Queensland usijitupe majini hivi hivi kama uko Nyali, mamba wanaingia mpaka baharini, na Novemba hadi Mei kuna konyeza wa sumu wanaoua mtu, ogelea palipowekwa wavu tu. Dharura piga 000.